Maji ya Ndani

4 Februari

Wifi yangu,

Sisi tupo, na kama barua hii imekufikia basi na lori la maziwa nalo lipo. Kikohozi kimemwachia mtoto wa mwisho kikahamia kwa wa pili; nadhani wanapeana zamu. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama: jana kaniambia chai yangu inafaa kuoshea miguu. Nilimwomba anipe neno la kukuandikia, akasema anayemkumbuka mama yake huja mwenyewe, hatumi karatasi. Hiyo pokea, ni yako si yangu.

Ningepiga simu, ila unajua huku shimoni milima imelizunguka ziwa, mtandao haushuki.

Nina jambo. Perege wamekwisha kuwa wadogo mpaka aibu. Wale tunaopimiwa sasa, zamani ulikuwa unawaona kwenye ndoo ukadhani ni chambo. Mama Mizani, anayetupimia pale mwaloni mitumbwi inapotua, anasema mizani yake imeanza kumdanganya, maana anaweka rundo zima na mshale hauamki. Wavuvi wana jibu lao: samaki wamekwenda ndani kupumzika, watarudi. Kila mwaka wanakwenda ndani. Mimi nilizaliwa juu mlimani, si mtu wa maji, lakini hata mimi najua kwamba kule katikati ukishusha jiwe kwa kamba linarudi na harufu ya mayai viza. Sijui samaki gani anapumzika humo.

Kamati imekaa mara tatu. Safari hii hata wabishi wamekubali mazalia yafungwe mvua zinapoanza, lakini wanataka karatasi ya serikali yenye muhuri. Bila muhuri, wanasema, ni maneno ya mwenyekiti na karani wake. Karani ndiye mimi. Wewe unakaa meza moja na Bwana Samaki huko ofisi ya uvuvi. Msukume aandike kabla ya Machi.

Na kaka yako, ngoja nikwambie. Amesema msimu huu ukipita hivihivi anakwenda bwawa la umeme, wanakotafuta wavuvi. Hakusema kwa hasira, alikuwa anashona wavu. Unajua waliokwenda bwawani. Wa jirani yetu ana mwaka wa tano, na sasa tunasikia ana watoto huko.

Wifi yako wa shimoni

27 Februari

Mwizi wa kaka yangu,

Salamu zote nimezipokea, na ile ya mama imenipata mbavuni. Mwambie nitakuja likizo ya Juni, nimeshajaza fomu. Shemeji yako hajambo, bado anapaka rangi mageti ya watu na letu lina kutu. Binti yangu ameanza darasa la nne na ameanza kunisahihisha ninavyotamka maneno. Anasema nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea kama mitumbwi inayogongana.

Tangazo hili hapa. Nililisukuma kama ulivyosema. Bwana Samaki ni mtu mwema ila ana mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Yeye anaandika, mimi nachapa. Nilikaa juu ya kichwa chake kutwa nzima mpaka akasema, "Mama, kwani hilo ziwa ni la baba yako?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akasaini. Muhuri umepigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka nusu.

Kulikuwa na ramani pia, aliichora mwenyewe vizuri tu, lakini mashine ya kunakili imeishiwa wino. Itafuata.

Lisome mkutanoni kwa sauti yako ile ya kugombeza watoto. Linasema:

"Kuanzia tarehe 10 Machi hadi 30 Juni ni marufuku kutega nyavu za aina yoyote katika maji ya ndani, ambayo ni mazalia ya samaki. Uvuvi katika maji ya nje utaendelea kama kawaida."

Fupi, wazi. Kaka yangu mwambie asubiri. Msimu mmoja tu, wifi. Perege anazaa upesi akiachwa.

Wifi yako wa mjini

15 Machi

Wifi yangu,

Kikohozi kimemaliza zamu zake, sasa kiko kwangu. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni na kaka yako ameahidi kuliziba, ahadi ambayo ina umri wa mtoto wa mwisho. Mama amefurahi kusikia Juni. Ameanza kusafisha chumba ambacho hajawahi kuruhusu mtu asafishe.

Tangazo nimelisoma siku ya Jumapili pale kwenye kibanda cha mizani. Sijawahi kuona wavuvi wakiipigia makofi marufuku. Mzee mmoja alisema, "Hii serikali ya safari hii ina akili, imejua samaki wako wapi." Mwenyekiti aliibusu ile karatasi. Wakachagua walinzi wawili papo hapo, wakawapa mtumbwi, filimbi na mfuko wa mihogo, na tangu siku ile walinzi wanashinda ndani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jua limewababua masikini, mmoja pua imebanduka kama kiazi. Hawajakamata mtu hata mmoja. Kila mmoja anatii.

Kaka yako anapata. Si kama zamani, lakini anapata. Amerudi kuimba anapokunja nyavu, wimbo uleule mmoja anaoujua nusu. Habari za bwawa hajazitaja.

Hiyo ramani ikichelewa si neno. Watu wameelewa.

Wifi yako

20 Aprili

Wifi,

Hatujambo. Barua yako ya Machi imefika juzi. Dereva anasema lori lilikaa gereji wiki tatu kwa ajili ya gia. Pole kwa kikohozi.

Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Nimeisoma mara ya pili nikiwa kazini, kwa sababu ya hiyo pua.

Mazalia yako ghubani, na ghubani hakuna jua la kumbabua mtu. Nimekulia pale. Kuna miti imeinamia maji pande zote, na matete, na ukikaa na mtumbwi chini yake mchana unasikia baridi. Mlinzi anayelinda ghuba hawezi kubanduka pua. Sasa umesema walinzi wanashinda ndani. Ndani ipi, wifi?

Nimechukua karatasi ya Bwana Samaki kwenye jalada. Yeye ni mtu wa mjini. Kwake ziwa ni kama nyumba: ghuba imeingia nchi kavu, basi ghuba ni ndani, kule katikati kweupe ni nje. Ndivyo alivyoandika na ndivyo nilivyochapa. Lakini kwetu nje ni pale unaposhukia mtumbwi, na ndani ni pale kasia halifiki chini. Mtoto wa kwetu akisema "baba yuko ndani" anaonyesha katikati ya ziwa.

Niambie kwamba nimekosea kufikiri. Niambie nyavu ziko wapi.

Ramani ninaiambatisha. Mstari mwekundu umekatwa mdomoni mwa ghuba, kutoka kwenye jiwe jeupe mpaka kwenye matete. Ndani ya mstari huo hakuna kutega. Mpelekee mwenyekiti leo, usingoje mkutano. Bado kuna Mei na Juni.

Bwana Samaki sijamwambia.

Wifi yako

6 Mei

Wifi yangu,

Salamu kutoka kwa wote, mmoja mmoja. Mama magoti yamepata nafuu, anatumia mafuta uliyomletea mwaka juzi, alikuwa ameyaficha kwenye sanduku yasije yakaisha. Mtoto wa pili ameng'oka jino la mbele, anasema "thamaki", na baba yake anamwita "thamaki" nyumba nzima. Paa la jikoni limezibwa. Ndiyo, lile. Alipanda juu asubuhi moja bila kuambiwa. Jioni anakula na sisi, anakaa mlangoni na watoto, analala kwake. Mei nzima mwaka jana nilikuwa nakula na watoto peke yangu, yeye akizunguka ziwa usiku na mchana kutafuta kisichokuwepo.

Umeniuliza nyavu ziko wapi. Nyavu ziko majini.

Sawa. Usinune. Ziko kwenye matete. Zote, za mwalo wetu na za mwalo wa pili, maana huko kwingine kumefungwa na walinzi wana filimbi. Zimebanana mpaka mtu akitaka kuvuta wake lazima aombe ruhusa kwa jirani. Wanagombana kwa mizaha. "Ondoa shuka lako kitandani mwangu," ndivyo wanavyosema.

Nilikwenda juzi na kaka yako kwa sababu ulikuwa umeniandikia. Nilitaka nione. Majike wanatoka wamefumba midomo, na wakitua tu mtumbwini wanatema watoto waliowabeba mdomoni. Wadogo kama mbegu za nyanya, wana macho. Maji ya chini ya mtumbwi yalikuwa yanatembea. Kaka yako akachukua kopo akayachota akayamwaga nje, kama anavyoyachota maji siku zote, ili mtumbwi usiwe mzito. Nikamwambia, "Baba, hao ni samaki." Akasema, "Hao bado." Aliwamwaga majini, si nchi kavu, lakini mama zao walikuwa miguuni petu. Sijui mtoto wa hivyo anakimbilia wapi mdomo ukiwa haupo.

Ramani nimeipata. Mwenyekiti amekwenda msibani upande wa kwao, hajarudi. Akirudi nitampa.

Wifi yako

30 Mei

Wifi,

Watu wa huku wazima.

Nimemwambia Bwana Samaki. Alicheka kwanza, halafu alipoona sicheki akavua miwani. Akaomba jalada, akasoma, akasema, "Lakini ghuba ni ndani. Mtu yeyote anajua ghuba ni ndani." Nikamweleza habari ya kasia. Akanitazama. "Wewe si wa kule? Ulichapa wewe." Hakungoja nijibu. Akasema tangazo jipya linahitaji saini ya mkoani na mkoani wako kwenye bajeti, msimu unaisha Juni, tutarekebisha mwakani. Nikamuuliza mwakani watazaa akina nani. Akasema, "Mama, mimi naandika matangazo, sizai samaki."

Kwa hiyo iliyobaki ni ile ramani na mdomo wako. Mwenyekiti hawezi kukaa msibani mwezi mzima, hata kama amekufa yeye.

Likizo yangu ya Juni imesogezwa. Mwambie mama taratibu.

Nina swali moja, na nakuomba usiniandikie habari za meno ya watoto kabla ya kulijibu. Wewe umesoma. Ulikuwa karani kwenye mikutano yote mitatu ambapo watu walikubaliana kufunga mazalia, na wewe mwenyewe uliniandikia kuhusu harufu ya mayai viza. Siku ile uliposimama kusoma, ukafika kwenye neno "ndani", na watu wakapiga makofi: ulijua?

Wifi yako

19 Agosti

Wifi yangu,

Nimekaa kimya, najua. Lori halikuharibika, nisilisingizie.

Mama yupo. Alifunga kile chumba mwenyewe.

Kaka yako ameondoka Jumamosi iliyopita. Ghuba ilitoa mpaka katikati ya Juni, halafu siku moja nyavu zikatoka na majani. Kesho yake majani. Walingoja marufuku iishe, wakaingia ndani kwa shangwe, mitumbwi yote kwa mpigo, maana kumelindwa miezi mitatu na zaidi, lazima kumejaa. Nilikuwa mwaloni na wanawake wenzangu na mabeseni. Waliporudi hakuna aliyeimba. Mlinzi mwenye pua alilia. Kijana wa watu alikuwa amelinda kwa moyo wake wote.

Ndipo nilipotoa ramani. Nilimpa mwenyekiti mbele ya watu. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akafuata mstari mwekundu kwa kidole mpaka kwenye matete, akaniuliza imefika lini. Nikasema Mei. Wifi, hakunigombeza. Aliikunja akaiweka mfukoni na kusema, "Hata ungenipa Mei, nani angewatoa pale?" Labda alisema hivyo kwa huruma. Labda ni kweli. Mimi ndiye sikujaribu, kwa hiyo hakuna atakayejua.

Kaka yako alipanga nyavu zake kwenye gunia, akaniachia mtumbwi. Nilimwambia subiri mwaka mmoja. Akasema, "Mama watoto, perege hata akiachwa leo, mimi nitakula nini anapokua?" Alimbeba mtoto wa pili mpaka njia panda. Hakuangalia nyuma na mimi sikumwita, maana tungelia barabarani kama vichaa.

Swali lako. Wewe ulipolichapa hilo neno, na ni neno la kwenu, umelinyonya na maziwa: ulijua? Basi na mimi hivyohivyo. Tusiulizane tena.

Meno ya mtoto yameota.

Wifi yako

11 Septemba

Wifi yangu,

Nimeipata. Nilisoma chooni kazini kwa sababu hakuna mlango mwingine unaofungwa.

Sitauliza tena. Kaka hajatuandikia sisi, je, nyie? Akileta neno lolote nijulishe, hata kama ni la kuomba sabuni.

Bwana Samaki amehamishwa. Aliyekuja ni binti mdogo, mpole, anasikiliza. Nilimweleza yote siku ya kwanza, hata chai hajanywa. Amefuatilia mkoani mwenyewe, kwa simu yake, na amepata saini kwa siku nne. Jambo ambalo tulililia miezi yote hii! Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba hakuna cha kufurahia.

Ziwa lote linafungwa miaka miwili. Safari hii nimeandika mimi na yeye amesaini. Nilimsomea binti yangu nyumbani, nikamsomea na fundi viatu wa mtaani, kila mmoja nikamchorea ziwa sakafuni, nikamwambia anionyeshe kwa kidole panapokatazwa. Wote walionyesha sawa. Linasema: "Ziwa lote, kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili, ghubani, kwenye matete na katikati, hakuna kutega." Ramani imechapwa nyuma ya karatasi hiyohiyo isije ikaachana nayo.

Lisome, halafu niambie kama wameelewa. Nataka kujua hilo tu.

Wifi yako

5 Oktoba

Wifi yangu,

Mama anakusalimu. Safari hii amesema mwenyewe: "Mwambie simdai kitu." Nimeandika kama alivyosema, wewe utajua lina maana gani kwenu.

Neno la kaka yako lilifika kwa mdomo, kupitia mtu aliyetoka bwawani. Ni mzima, amepata kazi kwenye boti ya mtu, mwisho wa mwaka hatakuja. Kuhusu sabuni hakusema.

Tangazo nimelisoma Jumapili. Mwenyekiti amehamia kwa mwanawe kwa hiyo debe la kuwaita watu nililigonga mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kibanda cha mizani walikuwepo Mama Mizani, wanawake wawili waliokuwa wanajikinga, mlinzi wetu mwenye pua, na mzee yule aliyeisifu serikali. Hao watano ndio waliobaki kwenye kamati na mwaloni kwa pamoja; wavuvi wengine wameshamfuata kaka yako bwawani. Nilisoma kwa sauti ya kugombeza watoto. Nilisoma mara mbili, nikawageuzia ramani, nikawaambia wanionyeshe. Wameelewa, wifi. Hata mzee alionyesha sawasawa, ukingo kwa ukingo. Ni tangazo zuri. Halina pa kuteleza.

Mama Mizani akanyoosha mkono kama tuko darasani. Akasema, "Karani, na tukimwona mtu anatega, tumwambie nani?"

Nikasema, "Niambieni mimi."

Basi tukageuka wote sita, tukatazama majini, ghubani na kule katikati, muda mrefu. Mlinzi alisimama juu ya benchi ili aone vizuri zaidi. Nakwambia kweli, sijawahi kumtamani mvunja sheria namna ile. Hapakuwa na mtu.

Wifi yako